Kilo Tisini na Mbili

Fundi Milimita aliwadharau watu wengi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliwadharau kwa mpangilio. Wa kwanza walikuwa wale wanaokata springi kwa grinda ili gari lilale chini. Wa pili, wale wanaopeleka magari yao yakakatwe. Wa tatu, wale wanaokaza bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya magurudumu, gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, halafu wakilishusha wanashangaa mbona limesimama kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake. Baada ya hao walifuata wauza tairi, wapaka rangi, shemeji yake, na binadamu wengine waliosalia, ambao hakuwa na ugomvi nao ila hakuona sababu ya kuwasifu.

Jina la Milimita alibandikwa na wateja wakimsengenya. Yeye akalipokea kama cheo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupanga kimo na mkao wa magari, hasa yale ya spoti ya zamani ambayo wenyewe huyaosha kwa mikono yao na kuyafunika shuka. Gari la namna hiyo likikaa juu mno linayumba kwenye kona, likikaa chini mno linagonga kila jiwe, na likiinamia upande mmoja linamvuta dereva huko huko mpaka siku limtie mtaroni. Pua inatakiwa ishuke kuliko mkia kwa upana wa kidole kimoja, na kulia na kushoto pawe sawa. Watu walidhani hayo yote ni suala la kukadiria kwa jicho. Milimita aliwacheka watu hao waziwazi, wateja wake wakiwemo.

Gereji ilikuwa ya baba yake. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, na katikati ya sakafu mabamba manne ya chuma ambayo mzee aliyalaza mwenyewe kwa pima maji, siku tatu mfululizo, mpaka yakawa sawa kuliko kitu kingine chochote katika mtaa ule. Pembeni kulikuwa na mizani ya jukwaa, ya kupimia magunia, na juu yake ukutani maneno mawili ya rangi nyekundu: PIMA LEO. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mzee. Mteja akija, kabla hata ya kuulizwa shida yake, alipandishwa mizani, kwa sababu gari halipangwi likiwa tupu, linapangwa likiwa limembeba mwenyewe. Uzito wake uligeuzwa vigunia vya mchanga, vikawekwa kitini, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliyepimwa mwezi uliopita alipimwa tena. Aliyeona haya alipimwa vilevile, na akiwa mnene mzee alisoma namba kwa sauti.

Kwa hiyo dharau ya Milimita haikuokotwa barabarani. Mzee alikuwa na maneno mawili tu kwa kazi ya mtu yeyote. Alilizunguka gari, akachuchumaa nyuma yake, akafumba jicho moja, akasema, "Rudia." Au, mara moja katika mwaka wa neema, akasema, "Limekaa." Hakuongeza kitu. Miaka thelathini Milimita alifanya kazi chini ya mzee yule, akaambiwa rudia mpaka ikawa kama jina lake la pili, lakini lile neno jingine hakuwahi kuambiwa hata siku moja. Mdogo wake alishaambiwa, tena akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa gari la kubebea mikate, na baada ya hapo akaacha kazi ya maana akaenda kufungua gereji ya kukata springi kwenye barabara kuu, yenye muziki na taa za buluu. Milimita ndiye aliyempa jina la Mikasi, na jina likamganda.

Alhamisi asubuhi Mikasi mwenyewe alifika. Gari lake lilikuwa limelazwa chini kiasi kwamba ilimbidi apande kizingiti cha gereji mshazari, gurudumu moja moja, na bado tumbo likakwaruza saruji. Milimita alisikia mkwaruzo ule akasonya kabla hata hajageuka.

"Umekuja na gari," akauliza, "au unakwangua sufuria?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sema haraka, usije ukaniambukiza."

Mikasi hakujibu mzaha. Siku hizi alikuwa hajibu, na hilo nalo lilimuudhi kaka yake. "Mzee anataka gari lake lipangwe. Jumamosi kuna msafara wa magari ya kale, na wamemwomba aongoze yeye. Amesema ulipange wewe."

Milimita aliweka spana chini. Gari la mzee, lile dogo la kijani la viti viwili, lilikuwa limefunikwa mwisho wa chumba, na tangu mzee alinunue likiwa chuma chakavu hakuna mkono mwingine ila wake uliowahi kugusa springi zake. "Amesema mimi? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wa nani mwingine?"

Kumbe siku yenyewe ndiyo hii, Milimita akawaza, na moyo ukamdunda kama wa mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, jambo la aibu kwa mtu wa miaka hamsini na miwili. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa. Nafasi nyingine ya kulipata lile neno haikuonekana kokote.

Mikasi alikuwa akivitazama vigunia vya mchanga. "Kitini utaweka kilo ngapi?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Ingefaa apimwe kwanza, kaka. Nimlete kesho?"

Milimita aliangua kicheko. "Apimwe? Baba yangu? Tisini na mbili. Namba hiyo niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Tisini na mbili kabla ya kula, tisini na mbili baada ya kula. Leo nije nifundishwe uzito wa baba yangu na mtu anayepima gari kwa vidole?"

"Umemwona lini mara ya mwisho?"

"Naongea naye kila Jumapili."

"Nimeuliza kumwona."

Milimita akachukua tena spana yake, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. Tangu mzee apasuliwe tumbo alikuwa akiishi kwa Mikasi, ambako kulikuwa na chumba cha chini kisicho na ngazi, na Milimita alikuwa ameapa kutotia mguu katika ua uliojaa vipande vya springi zilizokatwa. Kiapo hicho kilikuwa na miezi minane. Kwenye simu mzee alisema nipo, sijambo, na sauti ilikuwa ile ile ya mtu aliyekukuta umekosea. Mwenye sauti kama ile, Milimita alijiambia, hana ugonjwa wa maana.

Mikasi alisimama kidogo akitazama maandishi mekundu juu ya mizani. Kisha akaondoka, na gari lake likakwaruza kizingiti mara ya pili.

Ijumaa Milimita alifunga mlango wa bati nusu, ili wajinga wapungue, akaingia kazini. Alipima upepo wa tairi zote nne. Alijaza tangi nusu. Gurudumu la akiba na mfuko wa spana aliviweka mahali pake nyuma, kwa sababu mzee hakuwahi kusafiri bila vitu hivyo. Alilegeza bolti zote za bushi ili zisimdanganye. Juu ya kila bamba la chuma alilaza vipande viwili vya bati vilivyopakwa grisi katikati, gurudumu likae juu yake na kuteleza pale springi inapotaka kwenda, badala ya kung'ang'ania sakafu. Halafu mchanga. Aliupima mara mbili kwenye mizani, chini ya yale maneno mekundu, bila kuinua macho: kilo sabini kitini, ishirini na mbili sakafuni pale miguu inapokaa. Tisini na mbili kamili. Alijisikia kama amemketisha mzee mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mzee alikuwa kimya.

Akalikandamiza gari puani, akalikandamiza mkiani, mara tatu tatu, akalisukuma mbele na kulirudisha. Ndipo akachukua rula ya chuma akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne. Chini ya kila springi kulikuwa na nati kubwa ya duara. Ukiizungusha kidogo springi inainuka, lakini ukigusa kona moja tatu nyingine nazo zinajibu, kama ndugu wenye kesi ya urithi. Alizungusha, akakandamiza, akasukuma, akapima. Akarudia. Hakuna aliyemwambia arudie, alijiambia mwenyewe, kwa sauti ya baba yake.

Saa nane mchana shemeji yake, mume wa dada yao, alipenya chini ya mlango uliofungwa nusu. Alikuwa mwuza mapazia, na alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alikuwa amejipa kazi ya kupiga picha za msafara.

"Shem, lishushe kidogo basi," alisema, akiingiza mkono kati ya tairi na madigadi. "Hapa vidole vitatu vinapita. Siku hizi mtindo ni kisipite hata kimoja."

"Unapitisha vidole humo kutafuta nini? Umepoteza kitu?"

"Ni muonekano, shem. Kwenye picha linatakiwa liwe limekaa kihuni kidogo."

"Kwenye picha kaa kihuni wewe. Una uzoefu."

Shemeji alicheka, maana alikuwa mtu asiyejua anapotukanwa, akaegemea boneti. Milimita aliutazama mkono ule bila kupepesa macho mpaka ukaondoka. Ilimbidi aanze vipimo vyote upya, na alipoanza alikuwa akizungumza peke yake kuhusu dada yake na chaguo lake maishani.

Jua lilipoanza kupungua mlangoni, kazi ilikwisha. Mbele mia tatu thelathini na nane, kulia na kushoto. Nyuma mia tatu hamsini na moja, kulia na kushoto. Alikaza bolti za bushi gari likiwa limesimama kwa miguu yake, kama inavyotakiwa, akachuchumaa nyuma na kufumba jicho moja. Mstari ulikuwa safi. Aliangalia mlangoni kama kuna mtu, akasema polepole, "Limekaa." Halafu akaona haya, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi asubuhi Mikasi alimleta mzee kwa teksi. Milimita alikuwa ameandaa kejeli kuhusu mtu mwenye gereji anayepanda teksi, lakini aliisahau papo hapo. Lililotangulia kutoka garini lilikuwa koti. Lile koti la kahawia zamani lilikuwa likivuta vifungo vyake mpaka unavihurumia. Leo lilimning'inia mzee kama lilivyozoea kuning'inia kwenye msumari. Nguo mbovu, Milimita akajiambia upesi, vitambaa vya siku hizi vinalegea. Akalidharau lile koti kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemaliza, au bado unachezea?"

Sauti ilikuwa ile ile. Milimita akashusha pumzi. Mzee alilizunguka gari polepole akiwa ameweka kiganja juu ya bodi, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya angepigwa kofi. Alifika nyuma. Akakunja magoti ili achuchumae, na magoti yakakataa. Akajaribu tena, akasimama. Mikasi alitazama pembeni, Milimita alitazama pembeni, na shemeji aliyekuwa amekwisha kufika aliendelea kurekodi kwa simu.

"Toa mchanga," mzee akasema. "Nitakaa mwenyewe. Wewe utatazama."

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Katika gereji ile aliye kitini siku zote alikuwa gunia, na aliye nje ndiye hakimu, na mzee hakuwahi kuwa gunia la mtu. Milimita alivitoa vigunia kimoja kimoja. Mikasi alimshika baba yake chini ya makwapa, akamketisha, akanyanyua mguu mmoja akauingiza, kisha wa pili, bila kuulizana, kwa wepesi wa mtu anayefanya hivyo kila siku kabla ya chai. Milimita alichuchumaa nyuma, akafumba jicho, akasubiri gari lishuke.

Lilishuka kidogo, likasimama. Akasubiri kilichobaki.

Hakikuja. Akasimama, akalikandamiza gari mkiani, akaenda mbele akalikandamiza puani, akalisukuma kidogo na kulirudisha, akachukua rula. Upande wa dereva nyuma ulikuwa juu kwa milimita saba, mbele kwa sita. Gari lilikuwa limeinua bega moja kama mtu anayeambiwa habari asizoziamini. Nati imeteleza, Milimita akawaza. Hapana, springi imechoka. Hapana, ni huyu mpumbavu wa mapazia ameegemea tena! Akamgeukia shemeji kwa macho ya kuua. Alikuwa akitafuta mtu wa kumdharau, upesi, yeyote yule, na mara hii hakumpata. Mbele yake, kati ya kola ya koti na kiti, aliiona shingo ya baba yake kwa nyuma, imebaki mishipa miwili na ngozi. Juu ya mizani maneno mekundu yalikuwa palepale. Mikasi alikuwa anamtazama, na usoni mwake hapakuwa na kejeli hata chembe. Kejeli angeistahimili.

"Safi kabisa!" shemeji akapiga kelele. "Mzee, unatisha! Twendeni, msafara saa tano!"

Na kweli wangeweza kwenda. Milimita saba hazikuwa kitu kwa macho ya watu. Ukiwatoa yeye na Mikasi hakuna ambaye angeona, na msafara wenyewe ulikuwa wa mwendo wa kobe. Mzee mwenyewe alikuwa ndani, haoni. Ilihitajika tu kunyamaza, na mambo yote, namba, koti, miezi minane, yangepita kimyakimya.

"Limekaa?" mzee akauliza, bila kugeuza kichwa.

Neno lenyewe hilo, lakini lilikuja likiwa swali. Tangu azaliwe Milimita hakuwahi kuulizwa na baba yake kitu ambacho baba hakuwa tayari na jibu lake.

"Halijakaa," akasema. "Limebaki juu upande wako. Saba nyuma, sita mbele. Nimekosea mimi, baba."

"Uliweka ngapi?"

"Tisini na mbili."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. "Huyo aliondoka zamani," akasema. "Hamkuagana?"

Milimita aliiweka rula chini. Alimgeukia mdogo wake, akaongea kwa sauti ya chini. "Ulijua. Kwa nini hukunitajia namba?"

"Alinikataza," Mikasi akasema. "Alisema utaiona mwenyewe siku utakayokuja kumtazama."

"Acheni kunong'ona, mimi si maiti," mzee akasema. "Nipelekeni kwenye mizani."

Walimtoa. Alivua lile koti, akamtupia shemeji. "Na hiyo simu iweke mfukoni kabla sijakupima na wewe." Simu ikaingia mfukoni. Alipanda jukwaa akiwa ameshika bega la Mikasi, kisha akaliachia, kwa sababu anayepimwa hashiki kitu, na hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Sindano ilicheza, ikatulia. Akaisoma kwa sauti, kama alivyowasomea wateja wote.

"Hamsini na nane. Andika."

Milimita aliandika. Halafu akavifungua vigunia, akaanza kuumimina mchanga kwenye ndoo. Kilo thelathini na nne. Ndoo moja haikutosha, ikabidi Mikasi alete ya pili. Maisha yake yote Milimita alikuwa ameshika mchanga ule, lakini hakuwahi kusikiliza sauti yake ukimiminika, na leo aliusikia wote, mpaka wa mwisho. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakuwa na mazoea, alikasirika tu na ndoo.

Bila kuambiwa, Mikasi alikunja mikono ya shati akaingia chini ya gari, akalegeza bushi na kushika nati upande wa dereva. Milimita alifungua mdomo amwambie hapa hatukati kitu. Akaufunga. Mkono wa mdogo wake ulizungusha robo, ukasikiliza, ukazungusha nusu ya robo, na ulikuwa mwepesi kama siku ile ya gari la mikate. Hakuna grinda iliyokuwa imeuharibu. Milimita alikubali hivyo kimoyomoyo, kwa shingo upande. Mzee aliketi kwenye kigoda amejifunika koti lake, akivitazama vigunia vilivyorudishwa kitini. Havikujaa hata nusu ya kiti.

Walikandamiza, wakasukuma, wakapima, mara nne. Mbele mia tatu thelathini na nane. Nyuma mia tatu hamsini na moja. Kulia na kushoto sawa, uzuri mtupu. Kilichobaki ni kumwita mzee atazame.

Milimita alikuwa amelala chini, upande wa abiria, spana mkononi, na hakumwita. Woga ulikuwa umemshika. Ndani ya dakika moja mzee angetazama kazi hii, na kazi hii ilikuwa kamili, na angesema lile neno. Na akishalisema, atakuwa amebakiwa na nini cha kumwambia? Mtu akiambiwa limekaa, hukusanya vifaa vyake na kwenda zake. Kila aliyewahi kuambiwa hivyo na mzee alikwenda zake. Neno alilolingoja miaka thelathini, sasa alitaka lichelewe, lichelewe sana, lisahau njia.

Akapeleka spana kwenye nati ya nyuma, akaizungusha. Ilikuwa kidogo tu, kiasi cha milimita moja. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameharibu kazi kwa makusudi. Alipogeuza uso alimkuta Mikasi, aliyelala upande wa pili, anamtazama chini ya uvungu wa gari. Mikasi akavuta pua, akatoka.

"Tayari, baba."

"Nishusheni."

Walimshika kila mmoja upande wake, wakamshusha achuchumae nyuma ya gari. Milimita alizisikia zile hamsini na nane kwa mikono yake mwenyewe, akaona ni nyingi mno kuzisahau na chache mno kuzibeba. Mzee alifumba jicho moja. Akatazama, akaendelea kutazama, mpaka woga mpya ukamwingia Milimita, kwamba pengine jicho nalo limekwenda na zile kilo nyingine, kwamba atalisema lile neno kwa sababu haoni.

"Nyuma," mzee akasema. "Upande wa abiria."

"Kuna nini, baba?"

"Unaniuliza mimi kuna nini? Hayo macho umepewa ya kuonea au ya kupambia uso? Milimita moja iko juu. Mtu unaitwa Milimita, inakupita mbele ya pua! Miaka thelathini nafundisha gogo." Akapumzika kidogo, akakusanya pumzi, na ile sauti ikatoka yote, nzima, na dharau yake yote. "Rudia."

"Naam, baba."

"Mzee," shemeji akaingilia, "saa tano imefika, watu wa msafara wana—"

"Wasubiri."

Milimita alijilaza tena chini ya gari, uso juu, akaishika nati. Mikasi alimpitishia rula kutoka upande wa pili.

"Usiharakishe, kaka," akasema.

"Nani ana haraka?"

Aliizungusha nati polepole, polepole zaidi ya ilivyohitajika, grisi ikimdondokea shavuni na kuchanganyika na machozi yaliyokuwapo. Huko juu mzee alikuwa anauliza kama amelala, kama amekufa, kama amewahi kuona spana, na Milimita aliyasikiliza maneno yote, moja baada ya jingine.